Hariri ya Walio Chini

Kulikuwa na nchi moja, na nchi yenyewe haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji akihisi amewahi kupita mtaa wake mmoja asimlaumu mtu, alaumu macho yake. Nchi hiyo ilikuwa na Mfalme, Mfalme alikuwa na binti, na binti alikuwa anaolewa. Mpaka hapo hapakuwa na ubaya wowote. Watu huolewa.

Ubaya ulikuwa kwenye mkia wa gauni.

Malkia wa kwanza wa nchi ile aliolewa na gauni la hariri lenye mkia wa dhiraa saba. Binti yake akavaa mkia wa dhiraa kumi na tano, maana isingependeza mtoto aonekane kapungukiwa. Mjukuu akafika sitini. Mama yake bibi harusi wa sasa aliburuta dhiraa mia tatu, na inasemekana alikwisha kuvishwa pete na kulishwa keki, ncha ya mkia bado iko jikoni inakatiza kati ya masufuria. Sasa Ikulu ikatangaza kwamba safari hii mkia utaanzia mabegani mwa Binti Mfalme, utashuka ngazi, utafuata barabara kuu yote, mpaka uguse maji ya bandari, ili wageni wakishuka melini kitu cha kwanza kukiona kiwe mwisho wa bibi harusi. Dhiraa elfu nne. Hariri tupu.

Hariri yenyewe haikuwapo. Meli iliyokuwa inaileta iligeuza njiani kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, ndivyo alivyosema Waziri wa Uzi na Mapambo, ingawa wiki ile jua lilikuwa linapasua vichwa. Wakaagizwa viwavi wa hariri wafugwe humu humu nchini. Kiwavi wa hariri hula jani la mforosadi, hali jani lingine. Lakini mforosadi ulionekana ni mti wa kigeni usio na uzalendo, wakapewa majani ya muhogo. Siku ya tatu walikuwa wamelala chali wote. Gazeti la serikali likaandika kwamba wamestaafu.

Ndipo Waziri akaingia redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "mmeambiwa hariri ilianzia Uchina, kwamba malkia wa kule alikuwa anakunywa chai, kifukofuko cha kiwavi kikamdondokea kikombeni, uzi ukafumuka. Huo ni wivu wa kihistoria. Kiwavi yule alidondokea uji, na uji ulikuwa wa bibi yetu. Mmeambiwa pia kwamba watawa wawili waliiba mayai ya viwavi, wakayaficha ndani ya fimbo zao, wakavuka nayo mipaka. Utafiti wa Wizara yangu unaonyesha kwamba fimbo zile zilikatwa hapa. Kwa hiyo tunapowaomba hariri mlizo nazo majumbani, hatuwaombi. Tunajirudishia."

Mzee Badi Mwinyimvua aliyasikia hayo kwenye redio ya jirani yake, Bi Somoe. Ya kwake aliivunja siku aliyotoka kumzika mkewe.

"Wanaongea fimbo," alisema kwa sauti ya kumfikia jirani. "Sisi tuliopigwa nazo hatuulizwi zilikatwa wapi."

"Punguza ulimi, shemeji," akajibu Bi Somoe kutoka upande wa pili. "Ukuta huu ni wa udongo."

*

Mzee Badi alikuwa mfumuaji. Shule aliiacha darasa la pili, na kazi aliyoijua ni ya babu zake. Zamani, kabla nchi haijapata mawaziri, vitambaa vya hariri vililetwa kutoka ng'ambo vikiwa vimekwisha kufumwa kwa mitindo ya watu wa huko, na watu wa mji wake hawakuipenda mitindo ile. Wakakaa chini wakafumua kitambaa kizima, uzi mmoja mmoja, wakauzungushia vijitini, halafu wakafuma upya kwa namna waliyoitaka wao. Kazi ya kichaa. Uzi wa hariri uliokwisha kufumwa hukatika ukiuvuta kwa hasira, kwa hiyo mfumuaji alitakiwa awe mpole wa vidole hata kama moyoni ni pilipili tupu. Vidole vya Badi vilikuwa vipole.

Na walikuwa na desturi yao. Mfumuaji akioa, alimfumia mkewe nguo moja kwa nyuzi za nguo saba kuukuu. Nguo hiyo ilivaliwa siku ya harusi, ikawekwa. Mke akitangulia kufa, ilitandazwa juu ya jeneza lake mpaka makaburini, kisha ikakunjwa ikarudi nyumbani kumngoja mume, siku yake ije imfunike naye. Haikuingia kaburini hata mara moja. Hilo kila mtu wa mji ule alilijua. Waliotoka makao makuu hawakulijua.

Nguo ya Mafunda, mkewe Badi, ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, na mistari miembamba ya manjano kama ganda la ndimu iliyoiva.

Mafunda alikufa siku ya Kipimo. Serikali ilitaka kuhakikisha kama dhiraa elfu nne zitafika kweli, ikatandaza kamba ya katani kutoka Ikulu hadi bandarini, ikatangaza kwamba kwa siku ile kamba ni mkia, na ni marufuku kuuruka. Badi alikuwa anamkimbiza kwa toroli mkewe, ambaye kifua kilikuwa kimembana tangu alfajiri. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya kamba. Askari aliyesimama pale hakuwa mtu mbaya. Alimkinga Mafunda jua kwa mwavuli wake mwenyewe, akamwambia Badi, "Mzee wangu, ingekuwa kamba ningekupitisha. Leo ni mkia." Saa sita wapimaji wakagundua wamekosea, wakaanza upya kutoka Ikulu. Mafunda alikata roho saa saba na robo, hatua kumi kutoka mlango wa hospitali. Baada ya wiki ikaja barua yenye muhuri, inamshukuru marehemu kwa uvumilivu wake kando ya barabara.

Tangu hapo Badi alikuwa na adui mmoja tu, nao ni wote walioko juu. Mvua ikichelewa, ni wao. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, na mchuzi sasa alijipikia mwenyewe, ni wao. Na alikuwa na kitu kimoja tu cha kulinda, nacho kilikuwa chini ya godoro.

"Wamenichukulia mtu," alikuwa akimwambia Bi Somoe. "Nguo yake hawaigusi mpaka iwe juu yangu."

*

Ghala la mahindi likatolewa mahindi, likaitwa Jumba la Taifa la Kufumua. Mahindi yalikwenda wapi haikutangazwa. Wanawake wakapanga foleni na mafurushi yao, kila mmoja akapewa karatasi inayosema ametoa kwa moyo mkunjufu, na aliyelia aliandikiwa karatasi ya pili inayoeleza kwamba ni machozi ya fahari.

Badi aliitwa kwa barua, akasomewa. Barua ilimpongeza kwa kukubali. Akaenda, maana asingekwenda wangemfuata nyumbani, na nyumbani kulikuwa na lile godoro. Walikuwa wazee watano waliobaki wanaoijua kazi. Wakaketi kwenye mkeka wakafumua harusi za watu. Nguo iliyochezewa ngoma siku tatu, wao waliimaliza kwa asubuhi moja ikawa uzi.

Bi Somoe alifika na nguo yake ya harusi, ya kijani, akaiweka mbele ya Badi mwenyewe. Marehemu mumewe alikuwa mfumuaji pia.

"Ifumue polepole, shemeji. Hicho kipande cha kwapani aliwahi kukikosea, akakirudia mara tatu."

"Nakiona."

"Yako iko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini, akitazama dari.

Badi akavuta uzi. "Yangu nani kaiulizia?"

"Mimi sijaiulizia. Nimeuliza tu."

Hariri za nchi nzima zilipokwisha kufumuliwa na kufumwa upya, mkia uliteremka ngazi za Ikulu, ukapita soko, ukapita mahakama, ukafika kwenye mzunguko wa posta ukaishia hapo. Bandari ilikuwa inaonekana kwa mbali. Zilibaki siku tisa. Waziri alikwenda kuusimamia mwisho wa mkia kwa macho yake, akakaa kimya muda mrefu, na waliokuwa naye walisema hawakuwahi kumwona amekaa kimya. Kesho yake wakaguzi wakatawanywa nyumba hadi nyumba.

*

Aliyeletwa mtaani kwa Badi aliitwa Bwana Lusambi, kijana mwenye sauti laini na daftari lililofungwa kwa ngozi. Alikuja na askari wawili, na kwa kuwa sheria ilitaka shahidi, akamwita Bi Somoe.

"Mzee wangu, shikamoo," alisema Lusambi. "Utafiti unaonyesha kila mfumuaji alimfumia mkewe nguo. Na wewe ulioa. Iko wapi?"

Askari mmoja alikwisha kuingia chumbani. Mlango ulikuwa wazi, na Badi alimwona anafungua sanduku, anafunika, anainama, anashika pembe ya godoro.

"Kaenda nayo," Badi akasema.

"Wapi?"

"Alikokwenda."

Lusambi akainua kalamu. Chumbani askari akasita, godoro mkononi.

"Amezikwa nayo?"

"Amezikwa nayo."

Lusambi akamgeukia Bi Somoe. "Ni kweli, mama?"

Bi Somoe ndiye aliyeikunja nguo ile kutoka juu ya jeneza kwa mikono yake. Alitazama mlango wa chumba, akamtazama Badi.

"Alizikwa," akasema. "Nilikuwapo."

Lusambi akaandika huku akijisomea kwa sauti. "Hariri, moja. Mahali ilipo, kaburini." Akamwita askari atoke. Godoro likaachiwa. Aliaga kwa adabu, akawapa pole kwa msiba, akaondoka.

Wakabaki wawili barazani.

"Uongo wako umenikaa kooni, shemeji," Bi Somoe alisema.

"Wa kulaumiwa ni wao."

"Najua. Lakini umesema wewe."

*

Siku tatu hazikupita, Waziri akarudi redioni. Alisema kwamba taifa lina walio juu na walio chini, na kwamba kwa muda mrefu mno walio chini wameachiwa mali bila kuombwa mchango. Hakufafanua. Watu wakadhani anasema maskini, wakazima redio, maana hayo waliyazoea.

Badi hakuwa na redio ya kuzima. Yeye alipata habari mchana, kwa mpita njia, kwamba makaburini kuna watu wenye majembe na wapiga tarumbeta wawili.

Aliingia ndani, akainua godoro, akatoka na nguo kifuani akikimbia kama kijana. Alipofika walikuwa wamekwisha kuondoa mawe ya kichwani kwa Mafunda na kuyapanga vizuri pembeni kwa ukubwa wake. Watu wa mtaa walikuwa wamesimama mbali kidogo, Bi Somoe akiwa miongoni mwao. Lusambi alikuwa chini ya mwavuli na daftari lake.

"Bwana mkubwa, simamisha," Badi alisema akihema. "Nilisema uongo. Nguo hii hapa."

Lusambi akaitazama. Akasoma daftari. Akaitazama tena.

"Nguo ya daftarini iko kaburini, mzee. Hii iko mkononi mwako. Si hiyo."

"Ndiyo hiyo hiyo. Niliwadanganya."

"Uliidanganya Wizara?"

"Ndiyo."

"Wizara haidanganywi," Lusambi alisema, bila ukali, kama mtu anayemkumbusha mgeni mahali pa kuvulia viatu. "Taarifa imekwisha kusomwa na Waziri, Waziri kamsomea Mfalme. Mfalme kafurahi. Sasa hii ya mkononi tutaichukua kama ya pili, na ile ya kwanza tutaendelea kuishukia." Akawafanyia wachimbaji ishara ya kidole.

Jembe la kwanza likazama. Badi alisikia udongo unavyokatika, akahisi kama limeingia kwake ubavuni. Miezi minane tu udongo ule ulikuwa umepumzika.

"Ngoja," akasema. "Kama nguo hii ingekuwa imetoka humu?"

"Ingekuwa imetoka humu, taarifa ingekuwa ni kweli, na kazi ingekuwa imekwisha."

"Huulizi imeingia lini?"

Lusambi akafikiri. Akapekua kurasa mbili tatu. "Hakuna mahali pa kuandika imeingia lini," alisema.

Basi Badi akapiga magoti. Alichimba kwa mikono kwenye tuta la mkewe mpaka kina cha kiwiko, akaikunja nguo, akaiweka mle, akaifukia, akapapasa udongo kwa kiganja mpaka ukakaa sawa. Akasimama akasogea pembeni. Wapiga tarumbeta wakapuliza. Mchimbaji akatia jembe taratibu, akainama, akainua juu kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kinachodondosha mchanga, na askari wakapiga makofi. Lusambi akaandika, "Imepatikana." Mawe yakarudishwa.

Watu wa mtaa hawakupiga makofi. Walikuwa wanatazama makaburi ya watu wao.

Badi hakuliona hilo. Alirudi nyumbani na udongo kwenye kucha, akajiambia nguo imekwenda lakini Mafunda amebaki, na kwa siku ile ikamtosha. Kesho yake nguo ikaletwa mkekani kwake ifumuliwe. Angeweza kumwachia mzee mwingine. Hakumwachia, maana angeikatakata. Aliifumua mwenyewe, nyuzi za nguo saba, na kila alipovuta uzi chembe za mchanga zilimdondokea mapajani. Alipomaliza alikuwa na vijiti saba vilivyojaa uzi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakukumbuka ni nguo ipi iliyotangulia.

*

Lusambi alimfuata asubuhi ya siku iliyofuata, na koti.

Lilikuwa koti la buluu lenye vifungo vya shaba. Akamvalisha kwa mikono yake, akamtoa mkekani, akampeleka kwenye meza iliyowekwa mlangoni mwa makaburi. Nyuma ya meza walikuwa wachimbaji arobaini, kila mmoja na jembe jipya. Tarumbeta zilikuwa sita.

"Hongera, Mkurugenzi," Lusambi alisema. "Kaburi lililojaribiwa ni moja. Lililokutwa na hariri ni hilo hilo moja. Waziri kapiga hesabu mwenyewe. Yote yana hariri."

"Bwana mkubwa, si uliniona nikiifukia?"

"Nilikuona. Ndiyo maana umepewa cheo. Wengine wote wangeeleza, wewe ukatenda." Akampangia karatasi mezani, moja kwa kila kaburi, kuanzia yaliyo karibu na la Mafunda kwenda nje. "Hapa panasema Mkurugenzi amethibitisha kwamba humu mna hariri. Sahihi yako, kisha wanaingia. Harusi ni Ijumaa."

"Na nikikataa?"

"Hakuna anayekukataza kukataa, mzee wangu." Sauti yake ilikuwa laini kuliko siku zote. "Ila la marehemu tumelifunga kwa muda tu. Tukisema katika makaburi yote ni lake peke yake lililokuwa na hariri, huo utakuwa muujiza, na muujiza ni lazima uchunguzwe. Hapo tutashuka mpaka chini kabisa. Chukua muda wako. Mpaka saa nne."

Akaenda kusimama kivulini.

Badi aliketi. Watu wa mtaa walianza kufika mmoja mmoja, wakasimama upande wa pili wa meza, mahali pa kusimama mtu mwenye shida. Wengine walimwita mheshimiwa. Hawakumdhihaki. Waliogopa koti.

Bi Somoe alipita katikati yao. Mama yake alilala hatua mbili kutoka kwa Mafunda, na karatasi yake ndiyo ilikuwa ya juu.

"Mama yangu nilimzika na sanda ya pamba," alisema. "Niliishona kwa mkono wangu. Ulikuwapo."

"Najua."

"Waambie."

"Nikiwaambia watamfukua Mafunda."

"Na usipowaambia?"

Badi akatazama karatasi. Upepo uliinua pembe yake, akaishikilia kwa kidole.

"Nilikunyamazia," Bi Somoe alisema. "Askari kashika godoro mkononi, nikakunyamazia. Mimi jambo lile sikulifanya kwa ajili ya nguo. Nilimfanyia Mafunda."

"Somoe, hili si langu. Wa kulaumiwa ni walioko juu."

Bi Somoe akageuka, akatazama juu ya kichwa cha Badi, akatazama barabara inayokwenda Ikulu, akatazama kivulini ambako Lusambi alikuwa anapangusa miwani yake na hatazami upande huu. Akarudisha macho mezani.

"Hapa sioni mtu mwingine," akasema.

Hakungoja jibu. Alikwenda akaketi chini kando ya kaburi la mama yake, akanyoosha miguu, akaweka mkono juu ya tuta kama mtu anayemshika mgonjwa. Wachimbaji wawili wakasogea wakasimama karibu naye, majembe chini, wanamngoja Mkurugenzi. Wapiga tarumbeta wakalowesha midomo.

Saa nne ilipofika, Lusambi alirudi mezani. Alifungua kofia ya kalamu tu akaiweka juu ya meza.

Ilikuwamo mistari mingi kwenye karatasi ile, na Badi hakuweza kuisoma. Katika maisha yake alijifunza kuandika jina lake tu. Na chini kabisa ya karatasi, palipoachwa wazi, jina lake tu ndilo lililokuwa linatakiwa.

Akaliandika vizuri, kwa vidole vipole. Kisha akavuta karatasi ya pili.